Mchora Ramani na Mchora Picha: Mkono ni Ule Ule

Atokaye kisiwani Mombasa kwa barabara ya Nairobi, akavuka Makupa na kuipita Changamwe, hatimaye hufika Miritini. Wengi huijua Miritini kwa mambo mawili: yadi za makontena zenye misururu ya malori isiyokwisha, na kituo kikuu cha reli ya kisasa kilichofunguliwa mwezi wa Mei 2017. Ni wachache mno wanaoijua kwa picha. Makala haya yanazungumzia picha hizo, mzee anayezichora, na swali ambalo kazi yake inatuuliza sisi wanafunzi na walimu wa fasihi ya Kiswahili.

Mzee huyo ni mjomba wangu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa msanifu majengo. Alichora ramani za nyumba za kupangisha, maduka, madrasa na maghala, na nyingi kati ya hizo zimesimama hadi leo. Alipostaafu, jamaa walitarajia kwamba angesimamia ujenzi wa watu kwa ujira, au angalau afungue duka la vifaa vya ujenzi. Yeye alinunua brashi. Akaanza kuchora picha juu ya vipande vya plaiwudi vilivyosalia kazini, kwa rangi za mafuta za kupakia milango. Mkaza mjomba akawa akiwaambia wageni, "Mume wangu amerudi chekechea." Wanawe hawakucheka. Waliona kwamba mtu mwenye ujuzi unaouzika ameamua kuufukia, ilhali karo za wajukuu zinadaiwa. Mwishowe nilitumwa mimi, msomi wa ukoo, nikamzungumzie aache. Nilikwenda. Yaliyonipata nitayaeleza, lakini kwanza naomba ruhusa nijenge hoja.

Hoja yangu ni hii: msanifu majengo anapogeukia uchoraji uzeeni, hajaiasi kazi yake wala hajajitafutia mchezo wa kupitishia wakati. Anaikamilisha kazi ile ile. Aidha, kazi hiyo ya mwisho ni matini ambayo sisi wanafasihi tunapaswa kuisoma.

Hebu tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili hakikuwatenga watu hawa wawili. Anayetayarisha plani ya nyumba tunamwita mchora ramani. Anayetia rangi kwenye turubai tunamwita mchora picha. Kitenzi ni kimoja, kuchora, na maana yake kongwe ni kuchonga au kukata alama juu ya kitu kigumu kama mti. Neno msanifu nalo lina asili ya Kiarabu, ambako musannif ni mtunzi wa vitabu. Kwa hivyo kila tunaposema "msanifu majengo", tunamtaja mtu anayetunga nyumba kama mshairi atungavyo utenzi. Ikiwa lugha imewaweka wote chini ya paa moja, ukuta wa kuwatenga tumeupata wapi?

Historia ya pwani yetu inatoa ushahidi huo huo. Majumba ya mawe ya Lamu na Pate yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Hata hivyo, fundi hakukomea kwenye hesabu ya boriti. Alizipanga zidaka ukutani safu kwa safu, akachora nakshi kwenye chokaa. Hesabu na urembo vilitoka katika mkono mmoja.

Hali kadhalika, tunapoingia Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, tunakuta michoro ya merikebu na watu iliyoachwa ukutani na Wareno wa karne ya 17 kwa rangi nyeusi na nyekundu. Ramani ya Cairati hutuonyesha alichokitaka mfalme wake. Michoro ile hutuonyesha alichokikumbuka askari aliyekuwa mbali na kwao.

Katika fasihi, mfano mkuu ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Tumezoea kuifundisha kama utenzi wa mawaidha juu ya dunia na akhera, na ndivyo ulivyo. Lakini ni utenzi wa majengo pia. Mshairi anatupitisha katika kumbi za Pate zilizokuwa na taa na vyombo vya thamani, kisha anatuonyesha viumbe wa porini waliohamia humo. Majumba yalikwisha anguka. Aliyeyasimamisha tena ni mshairi. Laiti asingeyatunga, tungebaki na vifusi visivyosema lolote.

Katika taaluma pia yupo msanifu aliyegeukia picha. Peter Garlake, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1934, alisomea usanifu majengo huko Cape Town kabla ya kuwa mwanaakiolojia. Jicho lake la usanifu ndilo lililompa uwezo wa kuyapima magofu ya pwani yetu, na mwaka 1966 akachapisha kitabu chake kuhusu majengo ya kale ya Kiislamu ya Afrika Mashariki. Baadaye alishughulika na Zimbabwe Kuu, na kwa kushikilia kwamba mji ule ulijengwa na Waafrika, akakorofishana na serikali ya walowezi na kuondoka nchini mwaka 1970. Aliporejea baada ya uhuru wa Zimbabwe, aligeukia michoro ya mapangoni, akainakili na kuifasiri, na matunda yake yakatoka katika kitabu cha mwaka 1995. Yeye hakuwa mchoraji wa kuuza picha. Hata hivyo, njia yake ni ile ile: baada ya miaka mingi ya kuta, aliuliza watu wa zamani walikuwa wakiona nini walipofumba macho.

Najua upo upinzani. Wa kwanza ni wa umri: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni ya malezi. Si hukumu ya kumfungia mzee mlango wa kujifunza. Rosemary Karuga, aliyesoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifundisha shule kwa miaka mingi na kuirejelea sanaa kwa dhati mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa anakaribia miaka 60. Alitengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi za kufungia bidhaa za dukani. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa katika maonyesho ya Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021, akiwa amehesabiwa miongoni mwa wasanii wakubwa wa Kenya.

Upinzani wa pili ni wa fedha, na huu siubezi. Sisi tunaosomea fasihi tunaujua vyema. Nani kati yetu hajaulizwa kama atakula mashairi? Sidai kwamba picha za mjomba zimelipa karo. Hazijalipa. Ninachodai ni kwamba bei siyo kipimo pekee cha kazi, na familia inayoutumia msemo wa "kazi ya maana" haina budi kueleza maana hiyo ni kwa nani.

Sasa nirejee Miritini. Nilimkuta mjomba barazani, nikamtolea hotuba niliyoiandaa njiani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha aliniingiza chumbani, akaanza kugeuza vipande vya plaiwudi vilivyoegemezwa ukutani, kimoja baada ya kingine. Nyumba za udongo na makuti. Kisima. Mwembe wenye benchi chini yake. Mahali pengi kati ya hapo leo pana makontena. Kipande cha nne kilikuwa nyumba ya bibi, mamake, ambamo mama yangu alizaliwa na ambayo mimi sikuwahi kuiona. Nikamwuliza kama vipimo ni vya kukisia. Akasema, "Mwanangu, kutoka mlangoni hadi kisimani ni hatua kumi na moja. Miaka thelathini nimechora nyumba ambazo hazijakuwako. Sasa nachora zilizoondoka. Mkono ni ule ule."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda kumzuia. Nikarudi wiki iliyofuata na daftari.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na Fort Jesus mwaka 2011. Hayo ni mema, nasi tunajivunia. Lakini urithi huo ni wa mawe. Nyumba ya udongo ya bara ya Mombasa, iwe Miritini, Jomvu au Chaani, haina orodha wala kibao. Yenye kuihifadhi ni kumbukumbu ya wazee, na kumbukumbu haina paa.

Kwa hivyo napendekeza jambo moja ambalo chama chetu kinaweza kulifanya bila bajeti. Kila mwanafunzi arudipo kwao likizoni, amtafute mzee mmoja aliyejenga au kuchora nyumba, aandike majina ya sehemu za nyumba hizo kama anavyoyatamka, na habari za waliokaa ndani. Mambo hayo yafundishwe katika semina zetu kando ya Al-Inkishafi, maana ni ndugu zake.

Mtoto wa jicho umeanza kumsumbua mjomba, na mchwa wamekwisha onja plaiwudi mbili. Nyuma ya kila picha sasa kuna maandishi ya mkono wangu: jina la mwenye nyumba, mwaka ilipobomolewa, na hatua za kufika kisimani. Zimebaki picha kumi na tisa ambazo hatujaziandika.