Orodha za Msamiati Hazifundishi Maana

Ndugu walimu, iko desturi moja iliyotamalaki katika madarasa yetu huku Burundi, nayo hatuna budi kuipiga vita: kuandika ubaoni orodha ya maneno ya Kiswahili, mkabala wa kila neno tukaweka neno moja la Kirundi au la Kifaransa, kisha tukaamini kwamba maana imekwisha kufundishwa.

Wanaisimu walikwisha kuivunja imani hiyo. Leonard Bloomfield, katika kitabu chake cha mwaka 1933, aliipa maana ya mofimu jina la sememu. Katika miaka ya 1960 Bernard Pottier alionyesha, kwa majina ya viti katika Kifaransa, kwamba sememu nayo ni fungu la sifa ndogo zaidi, yaani semu: kina egemeo au hakina, ni cha mtu mmoja au cha wengi. Sifa hizo ndizo zipambanuazo neno na jirani yake.

Tuutazame mpunga. Ukiwa shambani, au umevunwa lakini ungali na maganda, ni mpunga. Ukishakobolewa ni mchele. Ukishapikwa ni wali. Kirundi husema umuceri kotekote, na Kifaransa vilevile hutosheka na neno moja. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mchele ni umuceri atatuambia kuwa baba yake amepanda mchele, na kuwa jana usiku walikula mchele. Ni nani aliyempotosha ila orodha yetu?

Katika udugu mambo hugeuka. Kirundi huangalia jinsia ya mwenye ndugu: musaza ni ndugu wa kiume wa mwanamke tu. Kaka hafungwi na sharti hilo. Mvulana anaye, msichana naye anaye. Basi mwalimu afundishaye kwamba kaka ni musaza amemnyima mvulana kaka yake!

Wako watakaodai kwamba hayo ni mambo ya chuo kikuu, mtoto apewe maneno tu. Sivyo hata kidogo. Mtoto hana haja ya kulijua jina la semu; ana haja ya kuulizwa: Umekobolewa? Umepikwa? Maswali mawili hayo yanatosha kupambanua maneno matatu, wala hayahitaji kitabu kipya.

Basi na tuzifute orodha hizo, tufundishe kila neno pamoja na jamaa zake.