Gari la Marehemu na Huzuni ya Waliobaki

Tunduma ni mji unaoishi kwa magurudumu. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo hupita hapa, na kwa familia nyingi za Mkoa wa Songwe gari ni kama shamba la pili: ndilo lililosomesha watoto na kujenga nyumba. Mwenye gari anapofariki, si ajabu akaacha uani Land Rover au lori la zamani lililopandishwa juu ya mawe. Si ajabu pia kwamba, matanga yakishaanuliwa, mtoto wake wa kiume au nduguye huanza kulifungua, bolti moja baada ya nyingine, akitaka lingurume tena.

Jamaa humtazama kwa wasiwasi. Wapo wasemao kwamba amechanganyikiwa, na wapo wasemao kwamba hana uchungu kwa kuwa hakulia mazikoni. Akifika zahanati akilalamikia kukosa usingizi na kuumwa kichwa, huenda akapewa dawa ya maumivu na kuruhusiwa, bila kuulizwa ni nani aliyefariki. Hukumu hizo zote ni za haraka mno. Kufufua gari la marehemu kunaweza kuwa njia halali ya kuomboleza, na wahudumu wa afya wanapaswa kuitambua.

Mwaka 1999, Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walieleza kwamba mfiwa hupwa na kujaa kama maji ya bahari: mara huukabili msiba wenyewe, mara huugeukia wajibu wa maisha mapya. Vyote viwili vinahitajika. Gari bovu huvikutanisha mahali pamoja. Mkono unaoshika usukani uliolainishwa na kiganja cha marehemu humkumbuka. Mkono huohuo unaposafisha kabureta hupumzika kidogo na majonzi. Zaidi ya hayo, fundi hafanyi kazi peke yake. Kuna wa kumshikia taa, wa kumtafutia spea na wa kumsimulia safari za mzee.

Busara hii si ngeni katika nyanda hizi. Mwanaanthropolojia Godfrey Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930, aliandika mwaka 1939 kwamba mazikoni wanawake walilia, na wanaume wakacheza ngoma ya vita, mikuki mkononi. Uchungu wa mwanamume uliruhusiwa kutokea mwilini. Leo mwanamume huambiwa ajikaze, kisha hakuna anayemwonyesha mahali pa kuutua mzigo.

Hata hivyo, spana si dawa ya kila jeraha. Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, linatambua ugonjwa wa majonzi yasiyoisha: hamu kali ya marehemu au kumwaza bila kukoma, kwa zaidi ya miezi 6, kupita desturi za jamii husika, hadi kuvuruga kazi na uhusiano na watu. Basi atazamwe kwa makini yule anayelala ndani ya gari, asiyekula, anayekunywa pombe kila jioni gereji, anayekopa bila kikomo kununua spea, au anayesema afadhali angekufa yeye. Huyu wa mwisho asisubiri miezi 6. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Tena, kama marehemu alifia ndani ya gari hilo, kuligusa kunaweza kuamsha jinamizi na hofu ya ajali. Mfiwa asilazimishwe.

Yapo pia mambo ya usalama. Breki za magari ya zamani huweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu. Vumbi lake lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe. Gari lisitegemee jeki pekee mtu akiwa chini yake. Na kwa kuwa gari ni sehemu ya mirathi, warithi wakubaliane mapema, ili matengenezo yasizae ugomvi unaoongeza msiba juu ya msiba.

Mhudumu wa afya hahitaji kifaa chochote kuanza. Yatosha kuuliza: "Pole, ni nani aliyekutoka? Siku hizi unashinda na nini?" Kisha asikilize. Utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, ukachapishwa mwaka 2020, uliwahusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi. Tiba ya mazungumzo ilitolewa na washauri wa kawaida, wasio wataalamu wa afya ya akili, waliofundishwa na kusimamiwa. Hao walikuwa watoto, si madereva; lakini somo kwa mkoa wenye wataalamu wachache ni kwamba mazungumzo mema hayahitaji kusubiri bingwa.

Familia nazo zisikimbilie kuliuza gari kama chuma chakavu kabla ya kumuuliza anayelishughulikia. Akiomba mtu wa kumshikia taa, mmoja wao aende.