MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kabla Mshale Haujaondoka



Kijana mmoja wa Ololosokwan, katika wilaya ya Ngorongoro, ametuletea barua ambayo twaona si vema kuijibu kwa siri, maana khabari zake zazihusu nyumba nyingi. Asema kwamba jioni moja mtu wanayejuana naye alibisha hodi kwao, mkononi ana paja la swala ndani ya gunia. Baba alikwisha kunyoosha mkono alipokee. Mama, aliyekuwa akichagua mchele, hakuinuka, aliuliza tu: "Shemeji, mnyama huyu amekufaje? Na amekufa kwa ruhusa ya nani?" Yule bwana akacheka, kisha akanyamaza, kisha akaenda zake na gunia lake. Usiku ule nyumba nzima ilikula wali kwa maharage, na baba amenuna.

Kijana auliza kama mama yake hakupita kiasi. Tena ana swali la pili. Ana nduguye aliyeko Marekani, ambaye humwandikia mara kwa mara khabari za kuwinda paa wa nchi za baridi, wale wenye pembe za matawi, kwa upinde wa kitako. Naye kijana atamani kujifunza ufundi huo. Je, apaswa kujua nini kwanza?

Twamjibu hivi: mwanangu, mama yako hakupita kiasi. Maswali yake mawili yamekusanya sehemu kubwa ya elimu ya mawindo, na jibu la swali lako la pili limo humo humo. Natuyatazame moja moja.

Amekufaje?

Mawindo ni halali kwetu. Kurani Tukufu yasema hivyo waziwazi katika Sura ya Almaida. Lakini sura hiyo hiyo yatutajia nyama walioharamishwa: aliyekufa mwenyewe, aliyesongwa koo, aliyepigwa kwa kitu kizito, aliyeanguka. Basi si kila mnyama aliyeuawa porini ni mawindo halali. Tofauti yake ni namna ya kufa.

Sahaba Adi bin Hatim, mtoto wa yule Hatim aliyesifika Uarabuni kwa ukarimu, alikuwa mpenda kuwinda, naye alimwuliza Mtume (s.a.w.) mambo haya. Alifundishwa kwamba kirushwacho kikimwua mnyama kwa makali yake, nyama yaliwa. Kikimwua kwa ubavu wake, yaani kwa kishindo cha pigo, huyo ni kama aliyepigwa kwa fimbo, wala haliwi. Alifundishwa pia kwamba mnyama akipotea na mshale mwilini, kisha akaonekana amekufa, na hana alama nyingine ila ya mshale ule, aweza kuliwa. Lakini akikutwa ametumbukia majini aachwe, maana haijulikani kama kilichomwua ni mshale au ni maji.

Tazama, mwanangu, jinsi mafundisho haya yanavyozungukia jambo moja: yakini. Mwindaji sharti ajue kwamba kilichomwua mnyama ni makali yake, wala si kitu kingine. Na yakini hiyo haipatikani baada ya mshale kuondoka. Hupatikana kabla.

Upinde wa kitako, kwa wasioujua, ni upinde uliolazwa juu ya gogo lenye kitako kama cha bunduki. Upote wake huvutwa, ukashikwa na kidoko, kisha hufyatuliwa kwa kidole. Si uzushi wa leo. Katika karne ya kumi na mbili mtu aitwaye al-Tarsusi alimwandikia Sultani Salah al-Din kitabu cha silaha, na pinde za namna hiyo zimo. Zilikuwako hata pinde za kurusha vidonge vya udongo, na wanavyuoni walizikataa kwa mawindo, kwa sababu kidonge huua kwa kishindo. Mshale wenye kigumba kikali hukata. Kwa hiyo silaha yenyewe si haramu. Lakini urahisi wake humhadaa kijana. Kwa kuwa hana haja ya kuuvuta na kuushikilia upote kwa mkono wakati wa kulenga, hudhani kwamba hana haja ya kujifunza.

Natufanye hesabu kidogo. Tuseme mshale waenda mita 100 kwa sekunde moja, nao ni mwendo wa pinde nyingi za kisasa za namna hii. Mnyama akiwa umbali wa mita 30, mshale wamfikia kwa muda wa karibu thuluthi moja ya sekunde. Lakini sauti ya upote huenda mita 340 kwa sekunde. Humfikia kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijatimia. Basi mnyama husikia kabla ya kupigwa! Na paa aliyeshtuka huinama ili apate nguvu ya kuruka. Akiwa karibu hushuka vidole vichache tu. Akiwa mbali mara mbili, amekwisha kuondoka mahali ulipopalenga.

Kuna na jambo la pili. Mshale tangu utokapo huvutwa chini na uzito wake. Mtu aliyeuzoeza upinde wake kwa mita 30, akakosea kukisia, akampiga mnyama aliye mita 40, mshale wake utapiga chini karibu shubiri moja. Na swala tomi, wale wadogo wenye mstari mweusi ubavuni wanaolisha katika mbuga za Ololosokwan, kifua chake kizima hakizidi shubiri kwa mengi. Shubiri hiyo moja ndiyo tofauti ya mnyama aanguke papo hapo au akimbie na mguu uliovunjika, afie kichakani usiku, aliwe na fisi. Hapo mwindaji amekosa nyama, naye amechukua dhima ya maumivu ya kiumbe yasiyo na faida kwa mtu. Nasi tumefundishwa kufanya kila jambo kwa wema, hata kuchinja: kisu kinolewe, na mnyama astareheshwe.

Kwa hiyo matayarisho ya mwindaji ni haya. Kwanza, ajue silaha yake: upote usiwe umechanika, mishale iwe minyofu na yenye uzito mmoja, manyoya yake yasiwe yamelegea, kigumba kiwe kikali. Pili, ajizoeze kwa mishale ile ile na kwa mkao ule ule atakaoutumia porini, si kwa kusimama uwanjani tu huku watu wakimshangilia. Na shabaha yake iwe furushi la majani, asitundike kuku wala ndege aliye hai, maana Mtume (s.a.w.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Tatu, ajipimie mpaka wake. Umbali ambao kila mshale wake, si mmoja katika mitatu, huingia katika mviringo wa kiganja, huo ndio mpaka wake. Nje ya hapo mnyama si wake, hata akiwa amenona namna gani. Nne, asubiri mnyama asimame ubavu, ili mshale upite nyuma ya mguu wa mbele, palipo na moyo na mapafu. Tano, amtaje Mwenyezi Mungu anapofyatua, na awe na kisu kiunoni. Akimkuta mnyama yungali na uhai, amchinje.

Na mnyama akitoweka machoni? Hapo wanavyuoni wametofautiana, wako walioruhusu na wako waliozuia. Mwindaji mwenye shabaha nzuri hujiepusha na tofauti hiyo, maana mnyama wake huanguka mbele ya macho yake.

Katika mambo haya lililo gumu kuliko yote ni kuzuia mkono. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale hamsini juu ya kilima, akawaamuru wasiondoke. Wengi wao walipoona nyara waliteremka, na Waislamu wakapatwa na msiba. Mikono yao haikupungukiwa na shabaha. Kilichopungua ni subira. Mwindaji naye hupimwa hivyo hivyo: si kwa mishale aliyoipiga tu, bali na kwa ile aliyoirudisha katika podo.

Mafundi walio jirani

Kijana, huna haja ya kutazama Marekani ili uone watu wa upinde. Katika wilaya jirani ya Karatu, kandokando ya Ziwa Eyasi, waishi Wahadzabe, watu kama elfu moja na ushei, na baadhi yao wangali wakipata chakula kwa mizizi, asali, matunda na mawindo. Mtoto wao wa kiume hupewa upinde angali mdogo sana, akazoea kwa ndege na panya miaka mingi kabla ya kumfuata mnyama mkubwa. Mwanamume hujichongea upinde na mishale yake mwenyewe: ya ncha ya mti kwa ndege, ya chuma kwa wanyama, na yenye sumu ya utomvu wa miti kwa wanyama wakubwa. Akisha kupiga, hafuati kwa pupa. Hutazama damu na nyayo kwa utulivu mwingi.

Ufundi wao na subira yao tuvisifu, na tujifunze. Ila katika jambo moja njia zetu zaachana. Mnyama aliyekufa kwa sumu, au kwa sumu na mshale pamoja, hali kwetu, maana sababu halali imechanganyika na isiyo halali. Basi Mwislamu hana msaidizi wa kumsitiria shabaha mbaya. Mshale wake sharti utoshe wenyewe.

Kwa ruhusa ya nani?

Sasa twaja kwenye swali la pili la mama, na ndilo lililomfanya yule bwana anyamaze.

Mnyama wa porini katika Tanzania yu chini ya sheria, na sheria ya wanyamapori inayotumika ni ile ya mwaka 2009. Kuwinda bila ya leseni ni kosa. Kutumia mitego au silaha ya sumu pasipo idhini ni kosa. Kuingia na upinde au mshale katika pori la akiba bila ya ruhusa ya maandishi ni kosa, hata kama hukuua kitu. Wako watu waliohukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kukutwa na nyama ya porini. Fikiri, mwanangu: miaka 20 kwa paja lililofungwa katika gunia!

Na nyumbani kwenu si mahali pa mchezo. Upande wa magharibi mwapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Upande wa kaskazini mwapakana na Kenya. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za ardhi ya Loliondo zilitengwa kwa ajili ya wanyamapori, zikaitwa Pololeti, na mashauri juu ya ardhi hiyo yakafika mahakamani. Mahali ambapo hata mpaka wa malisho wagombewa, kijana aonekanaye na upinde mkononi ajitia khatarini, na huenda akawatia khatarini na wenziwe wasiokuwa na hatia. Tena tazama majirani zenu Wamasai: wafugaji hao kwa desturi hawali nyama ya porini ila kwa nadra, na swala wamelisha pamoja na ng'ombe wao tangu zamani. Hawakufa njaa kwa kuwaacha.

Nduguyo wa Marekani, akiwa na kibali cha jimbo lake na akafuata majira yaliyowekwa, yu katika haki yake. Lakini akihamia Uingereza asidhani kwamba ni vivyo hivyo. Huko kuwinda paa kwa upinde wa namna yoyote kumekatazwa na sheria. Halali ya dini haimwondolei mtu wajibu wa kutii ahadi za nchi anayokaa.

Na wale wasemao, "Sisi tutanunua katika bucha lenye leseni," twawaambia: vema. Tangu kanuni za mwaka 2020 nyamapori yaweza kuuzwa kwa leseni. Lakini risiti yajibu swali la pili tu. Haijajibu la kwanza. Muulize mwuzaji nani alimwua mnyama huyu, na kwa namna gani. Asipojua, yako maharage.

Basi, kijana wetu, jifunze kulenga ukipenda. Kupiga shabaha ni mchezo uliosifiwa katika dini yetu. Lakini kabla hujachonga wala kununua upinde, enda kwanza katika ofisi ya kijiji, na kwa maofisa wa wanyamapori, uulize linaloruhusiwa. Ukikatazwa, kubali, hilo nalo ni shabaha.

Na wewe mzee wa nyumba, usimnunie mkeo. Alipouliza, hakukunyima kitoweo. Alisimama mlangoni pako akailinda riziki ya watoto wako, na huenda aliulinda hata uhuru wako. Jioni nyingine gunia likija, uliza wewe kabla yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki iliyo safi, na atupe mikono yenye subira. Amin.