Wiki moja Florida, parsela moja Kasongo

Karibu na Orlando, katika jimbo la Florida huko Marekani, kuna majengo mawili ambayo majina yake mtoto yeyote wa Kasongo anaelewa bila mkalimani. Moja linaitwa Jambo House, lingine Kidani Village. Mgeni akifungua mlango wa baraza asubuhi anaona twiga na punda milia wakila majani. Mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Mwendo mfupi kutoka hapo, ndani ya bustani ya burudani ya Animal Kingdom ambayo Disney ilifungua mwaka 1998, kuna kijiji cha kuigiza kinachoitwa Harambe. Kilijengwa kwa kuiga Lamu ya Kenya, na hata nyufa za kuta zilitengenezwa kwa makusudi ili zionekane za zamani. Kasongo, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip, una nyufa za kweli bila kulipa fundi.

Kidani Village, iliyofunguliwa mwaka 2009, si hoteli ya kulala na kuondoka tu. Vyumba vyake vinauzwa kwa zamu. Mnunuzi hapati nyumba, anapata haki ya kukaa siku fulani kila mwaka, hadi tarehe 31 Januari 2057. Siku hiyo mkataba unakufa na haki inarudi kwa kampuni. Mpango huo Wamarekani wanauita taimusheya, na unazidi kupanuka. Desemba 2024 Disney ilifungua mnara mpya wa namna hiyo kwenye hoteli yake ya Polynesian, ambao mikataba yake inaisha Januari 2066. Mei 2025 washindani wao, Universal, wakafungua bustani nyingine kubwa, Epic Universe, katika mji uleule. Kuzunguka bustani hizo, makampuni mengine mengi nayo yanauza wiki zao.

Mambo haya yanaihusu Maniema ya kusini kuliko mtu anavyodhani. Watu wengi wa Kabambare na jirani zao wa Fizi walikimbia vita vya 1996 na 1998, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaishi miaka na miaka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu, Tanzania. Kutoka huko wengine walipelekwa Marekani. Kwa miaka kadhaa tangu 2016, Kongo ilikuwa katika nafasi za kwanza kabisa kati ya nchi ambazo wakimbizi wake walipokelewa huko, hadi serikali ya Trump iliposimamisha mpango huo Januari 2025. Waliofika mapema wamekwisha kupata karatasi. Wana kazi, wana magari ya mkopo, wana jina zuri benki. Mtu akishakuwa na jina zuri benki, barua na simu za wauzaji zinaanza kumtafuta.

Mwaliko unakuja na zawadi. Njoo ulale siku tatu kwa bei ndogo, upate tiketi za bustani kwa watoto. Kitu kimoja tu unachoombwa ni kusikiliza maelezo kwa dakika 90. Dakika 90 zinageuka saa tatu. Muuzaji wa kwanza akishindwa anakuja mkubwa wake na bei ya chini, na bei hiyo ni ya leo tu. Mkataba una kurasa nyingi kwa Kiingereza cha wanasheria. Mtu aliyejifunza Kiingereza kiwandani, kwenye zamu ya usiku, anasaini huku watoto wake wanalia njaa.

Jambo lenyewe si wizi. Wazo lilianza katika milima ya Alpes ya Ufaransa mwaka 1967, kwenye kituo cha Superdévoluy, ambako wateja waliambiwa kwamba kununua hoteli ni rahisi kuliko kukodi chumba kila mwaka. Kwa mtu wa Kongo si wazo geni sana: watu hawana uwezo wa kumiliki kitu peke yao, wanaungana, kila mmoja anapata zamu yake. Ndivyo likelemba inavyoendeshwa. Lakini katika likelemba kila mwanachama siku moja anashika mfuko wote, na wanachama wanajuana. Katika nyumba za zamu mfuko wote unabaki kwa mjenzi. Mwanachama anapata siku.

Hesabu ndiyo inayoumiza. Bei ya kawaida ya wiki moja kutoka kwa mjenzi inapita dola 20,000. Wachache wana pesa hizo mkononi, kwa hiyo kampuni inakopesha, na riba mara nyingi inapita asilimia 10. Chukua mfano wa mkopo wa dola 20,000 kwa riba ya asilimia 15, kulipwa kwa miaka 10. Kila mwezi ni karibu dola 322. Mwisho wa miaka 10 mtu ametoa zaidi ya dola 38,700. Juu yake kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, ambayo kwa wiki ya kawaida inapita dola 1,000. Hiyo haiishi mkopo unapoisha, na haina kikomo cha bei. Ikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, baada ya miaka 18 imekuwa mara mbili. Mwaka ambao familia haikusafiri kwa sababu mtoto aligonjwa ama baba alipoteza kazi, ada inalipwa vilevile.

Na akitaka kuuza? Za Disney zinashuka thamani polepole kuliko nyingine, hilo lazima lisemwe. Lakini wiki za makampuni mengi, mtu akizirudisha sokoni, anapata sehemu ndogo tu ya aliyolipa. Nyingine zinatangazwa mtandaoni kwa dola moja, mradi mtu akubali kubeba ada. Wamiliki waliochoka ndio wanaowindwa tena na matapeli wanaojifanya mawakala ama avoka wenye mnunuzi tayari, wakidai walipwe gharama kwanza. Julai 2024 serikali ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba genge la dawa za kulevya la Jalisco, huko Mexico, limegeuza utapeli huo kuwa chanzo kikubwa cha mapato.

Kuna familia ambazo mpango huu unazifaa. Ni zile zinazokwenda Orlando kila mwaka bila kukosa, zinazolipa pesa taslimu, na ambazo hakuna mtu nyuma yao anayesubiri. Sharti hilo la mwisho ndilo ambalo muuzaji haliulizi. Fomu yake inauliza mapato, madeni na idadi ya watoto wanaoishi nyumbani. Haiulizi nani analipa minervali ya watoto wa dada kule Kabambare, nani alituma pesa mama alipopasuliwa, nani anaongeza franga mchele unapopanda bei kwa sababu malori yamekwama katika matope. Dola 322 kwa mwezi pamoja na ada zitatoka wapi? Si kwenye kodi ya nyumba ya Marekani, kwa sababu mwenye nyumba hasubiri. Zitatoka kwa wale ambao hawawezi kumpeleka mtu mahakamani.

Wale wanaosubiri si wachache. Huko Salamabila watu wengi walitegemea mgodi wa dhahabu wa Namoya, na kampuni ya Banro ilisimamisha kazi mwaka 2019. Bunduki hazijanyamaza kabisa katika teritwari ya Kabambare. Katika nyumba nyingi simu inayoleta ujumbe wa pesa kutoka ng'ambo ndiyo mshahara pekee unaofika kwa tarehe inayojulikana. Hata pesa hizo zimeongezewa mzigo: sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 2025 inakata asilimia 1 ya pesa taslimu zinazotumwa nje kuanzia Januari 2026. Anayelipa kutoka akaunti yake ya benki ama kwa karata ya benki hatozwi, na wengi hawajaambiwa.

Hapo ndipo wengine wanasema: badala ya wiki ya Florida, nunua parsela Kasongo. Ni jibu zuri, lakini linatolewa haraka mno. Parsela nayo ina mitego yake, na mtu akiwa Texas ama Ohio haioni.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupata haki ya kudumu; mgeni anapata ya miaka 25 inayoweza kurudiwa. Sasa, katiba ya 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Mkimbizi anayefikisha miaka mitano Marekani anaweza kuomba uraia wa huko, na wengi wanaomba kwa furaha, kwa haki yao. Siku anapoapa, mbele ya sheria ya Kongo anakuwa mgeni. Mwana wa Kabambare aliyezaliwa Kabambare anaomba udongo wa babu yake kwa masharti ya mgeni. Wabunge wamezungumza juu ya jambo hili kwa miaka, na kifungu bado kiko palepale.

Mtego wa pili ni karatasi. Parsela nyingi zinauzwa kwa fiche parcellaire na saini ya shefu wa kartie, mbele ya mashahidi wawili. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba mtu anakaa mahali, haimpi haki kamili. Haki kamili inatoka kwa certificat d'enregistrement inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi, na miaka miwili ikipita bila mtu kuipinga, ni vigumu sana kuivunja. Asiye nayo anaweza kuamka siku moja na kusikia parsela yake imeuzwa mara ya pili, pengine na ndugu aliyetumwa kuinunua. Kila familia ina hadithi ya nyumba iliyojengwa kwa picha za WhatsApp: msingi wa jirani ulipigwa picha, mabati ya jirani yalipigwa picha, na pesa ikaendelea kutumwa.

Hata hivyo, baada ya kupima pande zote, mizani inaelemea nyumbani. Parsela yenye hati haidai dola 1,000 kila mwaka. Haifi mwaka 2057. Ikiwa na vyumba viwili vya matofali, inalaza mama leo na inaweza kukodishwa kesho. Ikienda vibaya, mtu amepoteza alichotoa, lakini hakuna kampuni itakayoendelea kumdai kwa miaka 30 mingine. Mkataba wa Florida, kinyume chake, unaweza kumdai mwenyewe hata akiwa amelala Kasongo likizo.

Hii haina maana kwamba aliye Marekani hana ruhusa ya kupumzika. Hapa lawama inarudi pia kwa walio nyumbani. Kuna wazazi na wajomba wanaoona picha ya watoto mbele ya jumba la Disney na kupiga simu siku hiyohiyo: kumbe pesa ipo! Mtu aliyekata nyama kiwandani mwaka mzima, amesimama saa 10 kwa siku katika baridi, akiwapeleka watoto siku nne kuona twiga, hajamwibia mtu. Na anaweza kuwaona twiga walewale bila kusaini kitu. Vyumba vya Kidani vinakodishwa kwa usiku kama hoteli yoyote, na wamiliki wenye siku wasizotumia wanazikodisha kwa bei ya chini. Analipa, analala, anarudi, deni halimfuati.

Kwa aliyekwisha kusaini, saa inahesabu. Sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba bila sababu na kurudishiwa pesa zake, na hakuna muuzaji anayeweza kumfanya aiache haki hiyo. Siku zinahesabiwa tangu alipotia saini ama alipopokea karatasi ya mwisho, ile iliyokuja baadaye. Lazima aandike barua. Kupiga simu hakutoshi. Barua ipelekwe posta kwa njia inayotoa risiti, kwa anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba wenyewe. Katika majimbo mengine siku zinaweza kuwa chache zaidi. Kwa ndugu walio Ubelgiji na Ufaransa, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 inatoa siku 14, na inakataza muuzaji kupokea hata senti kabla hazijaisha.

Huku nyumbani kazi iko mezani kwa viongozi wa jimbo. Mtu aliye mbali anahitaji jambo moja kwa ofisi ya hati za ardhi: kuuliza namba ya parsela na kujibiwa kwa maandishi, kwa bei inayojulikana, ni ya nani na kama ina deni ama kesi. Muuzaji wa Orlando anajibu maswali siku hiyohiyo, kwa tabasamu na kikombe cha kahawa. Ofisi ya ardhi ikiendelea kumjibu mteja aje kesho, dola za watoto wa Kabambare zitaendelea kulipia baraza la twiga.