Hiari ya Kulazimishwa



Upo udhalimu usiopiga kelele. Haumwagi damu wala hauvunji milango. Hutendeka ofisini mchana kweupe, kwa kalamu na karatasi moja. Mfanyakazi aliyeitumikia kampuni kwa zaidi ya miaka 20 huitwa na kuwekewa mbele yake barua iliyokwisha kuandikwa, isemayo kwamba ameamua kuacha kazi kwa hiari yake. Huambiwa atie sahihi aondoke kwa heshima, au akatae afukuzwe kwa aibu. Sisi tunasema wazi: huo ni unyang'anyi.

Barua hiyo haiji ghafla. Hutanguliwa na ugomvi. Mzee wa kazi aliyethubutu kumweleza mkuu mpya wa idara kasoro ya mipango yake huitwa mkaidi. Haalikwi tena mikutanoni. Kazi zake hupewa wengine. Barua za onyo humfuata kwa mambo ambayo jana hayakuwa makosa. Wenzake humwonea huruma, lakini huogopa kuonekana wakila naye chakula cha mchana. Mwishowe yeye mwenyewe huanza kuamini kwamba hafai. Hapo ndipo karatasi inapoletwa.

Kwa nini wanaihitaji sana sahihi yake? Kwa sababu sheria ya Tanzania haiwaruhusu kumtupa hivi hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Akitaka kupunguza wafanyakazi, hana budi kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nao kwanza. Tena, anayepunguzwa bila kosa lake hustahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, lakini hesabu hiyo hukomea miaka 10. Basi aliyetumikia miaka 22 sheria humhakikishia siku 70 tu! Ni kidogo mno kwa ujana wote wa mtu. Na hata hicho kidogo barua ya hiari hukifuta.

Waajiri watatujibu kwamba kampuni si nyumba ya sadaka, kwamba biashara ikishuka watu hupungua, na kwamba wapo wafanyakazi wavivu na wagomvi. Hatukatai. Kama biashara imeshuka, waseme hivyo mbele ya wafanyakazi na waonyeshe hesabu. Kama mtu amekosa, ashtakiwe kwa kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea. Tunachokataa ni uongo: kumfukuza mtu, kisha kumlazimisha aandike kwamba hakufukuzwa.

Papa Leo XIII alipotoa Rerum Novarum mwaka 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kuungana. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya binadamu hutangulia mtaji. Naye Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia unamlilia Mungu. Meneja anayekomunika Jumapili na kutayarisha barua hizo Jumatatu ajiulize anampokea nani.

Nasi Wakristo wengine tusijifiche nyuma ya kosa la meneja. Ndugu yetu akiachishwa kazi, tunamwuliza mchango wa ujenzi wa kanisa, hatumwulizi habari ya nyumba yake. Wapo wanaotoka kila asubuhi wamevaa tai, wakakaa bustanini hadi jioni, ili watoto wasijue. Jumuiya Ndogo Ndogo isiyoliona jambo hilo inasali karibu na jirani isiyemjua.

Na wewe uliye katika majaribu hayo, usitie sahihi siku ile ile. Omba nakala, omba muda. Andika tarehe za yaliyotokea, tunza barua na hati za mshahara, kiite chama chako cha wafanyakazi. Zuia hasira: ngumi moja au tusi moja litampa mwajiri sababu ambayo hakuwa nayo. Na kama umekwisha kutia sahihi, usikate tamaa. Sheria hiyo hiyo humhesabu aliyeacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike kuwa ameachishwa. Lakini malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakilia chumbani.

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Waliyaona ya dunia yao, nasi tunayaona ya kwetu. Lakini aliyebatizwa haruhusiwi kuyakubali. Mnyonge anayo haki. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kwenda naye.

Basi mwenye barua ya namna hiyo nyumbani asilale nayo. Ailete kwa wanatume wa parokia yake Jumapili hii, baada ya Misa. Siku zinahesabiwa.