Roboti zinaandika Wikipedia, nani wa kuzibishia?

Mwaka 2025 ulifikiwa uamuzi wa kuifunga Wikipedia ya lugha ya Greenland. Sababu si pesa wala siasa. Makala nyingi zilikuwa zimeandikwa na watu wasioijua lugha hiyo, wakitumia mashine za kutafsiri, na mwenyeji akizisoma hazimwingii kichwani.

Kwa msomaji wa Kiswahili hii si habari ya mbali.

Roboti, yaani programu zinazohariri zenyewe bila mtu kubonyeza, ziko Wikipedia miaka mingi na zimesaidia sana. Kwenye toleo la Kiingereza, ClueBot NG inafuta matusi na upuuzi tangu 2010, mara nyingi ndani ya muda mfupi tu. Ikikosea, mtu anaripoti. Na roboti yoyote huko lazima kwanza ipitishwe na kamati ya wahariri.

Zenyewe kwa zenyewe nazo huvutana. Utafiti uliotoka 2017 katika jarida la PLOS ONE ulikuta kati ya 2009 na 2010 Xqbot ilitengua kazi ya Darknessbot zaidi ya mara 2,000, na Darknessbot ikajibu zaidi ya mara 1,700. Watafiti wengine walisema baadaye ugomvi wa roboti umekuzwa, kwamba mengi yalikuwa matengenezo ya kawaida. Pengine ni kweli.

Tatizo zaidi ni pale pasipo na wa kubisha kabisa. Lsjbot, programu ya Mswidi Sverker Johansson, ndiyo iliyoandika sehemu kubwa ya makala zaidi ya milioni 6 za Wikipedia ya Kicebuano, lugha ya Ufilipino. Kwa wingi wa makala inafuata nyuma ya Kiingereza! Wahariri wa kuzipitia? Wachache mno. Kosa likiingia, linakaa tu.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, imebebwa zaidi na watu wanaojitolea, na watu hao hubishana. Hata jina la teknolojia yenyewe lina mvutano: wengine wanasema akili mnemba, wengine akili unde. Mashine itachagua moja bila kumuuliza mtu, kisha itairudia kwenye makala mia kwa siku moja. Na kwa kuwa mashine hizohizo hujifunza lugha kwa kusoma Wikipedia, chaguo hilo, liwe sahihi au kosa, litarudi kwenye simu ya mwanafunzi likionekana ndilo Kiswahili chenyewe.

Agosti 2025, Wikipedia ya Kiingereza iliruhusu kufuta haraka makala zinazoonekana wazi zimeandikwa na akili mnemba bila mtu kuzikagua. Kanuni kama hiyo inahitaji watu wa kuona na kufuta kila siku. Upande wa Kiswahili, wakabidhi wenye mamlaka ya kufuta makala ni wa kuhesabu.