Shangazi Hakukataa Kwao

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii sote tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, na walimu wakatutilia alama ya vyema. Mimi niliitumia Disemba mwaka 2024. Sikuitumia katika insha, bali nyumbani kwetu Voi, mbele ya nyanya na wazazi wangu, na niliyemtupia alikuwa shangazi yangu mwenyewe. Leo nataka kueleza kwa nini nakiri kwamba nilikosea, na kwa nini nadhani wengi wetu hukosea vivyo hivyo.

Shangazi ni muuguzi. Aliondoka hapa mwaka 2004 akaenda kufanya kazi katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Miaka ishirini si mchezo! Katika muda huo wote alikuwa amekuja kututembelea mara mbili tu. Kwa hivyo alipotuarifu kwamba angekuja kukaa nasi wiki nne, nyanya alianza kuhesabu siku. Alipofika tulimpokea kwa vigelegele, jogoo akachinjwa, na majirani wakajaa uani hadi usiku.

Wiki ya kwanza ilipita salama salimini. Ya pili mambo yakaanza. Ikifika saa moja jioni, shangazi hutazama saa yake na kusema, "Saa hizi kule ni saa kumi, na giza limeshaingia." Jua la Voi likichoma, yeye ati anatamani manyunyu ya Leeds. Siku moja tulikaa ndani ya matatu karibu saa nzima tukingoja ijae. Makanga anapiga mabati, abiria wanasinzia. Shangazi akasema kwamba kule basi likiandikiwa saa tatu na dakika kumi, huliona likija. Mama alinyamaza. Mimi nilinuna.

Kisha ikaja jioni ya simu. Nyanya alikuwa kibarazani akipepeta maharagwe kwa ungo. Shangazi alikuwa akizungumza na jirani yake wa Leeds, na kwa kuwa alikuwa akisema Kiingereza polepole, sote tulimwelewa. Alimwambia kwamba amewakumbuka sana, na kwamba akirudi nyumbani watakunywa chai pamoja. Nyumbani! Nyanya aliuweka ungo chini, akaingia ndani bila kusema neno. Wakati wa chakula mimi nikashindwa kujizuia. Nikasema kwa sauti, "Shangazi, mkataa kwao ni mtumwa."

Baba alinikemea, lakini shangazi akamwambia, "Mwache, amesema la moyoni." Kisha akatusimulia jambo ambalo hata nyanya hakuwa amelisikia vizuri. Babu alipofariki mwaka 2009, shangazi hakuweza kuja kumzika. Hakuwa na nauli, na ruhusa aliyopewa kazini ilikuwa ya siku chache mno. Tulimlaumu sana kwa hilo. Tusilolijua ni kwamba jirani yake wa kwanza, mama mzee wa huko huko, alikuja kukaa naye jioni saba mfululizo. Alileta supu, akaosha vyombo, akamwomba amweleze babu alikuwa mtu wa namna gani. "Mimi matanga ya baba niliyakalia kule," shangazi akasema. "Sasa mtu aliyekaa nami matanga, nisimkumbuke?"

Hakuna aliyejibu. Usiku huo sikulala vizuri, nikawa naichambua ile methali. Wahenga hawakusema kwamba mkumbuka ugenini ni mtumwa. Walimsema anayekataa kwao. Kukataa na kukumbuka ni vitu viwili tofauti. Anayekataa kwao huona haya kuisema lugha yake, huwakwepa wazee wake, na akiulizwa alikotoka hudanganya. Shangazi kila usiku aliongea Kitaita na nyanya hadi taa inazimwa. Hakukataa kitu. Ila miaka ishirini ya maisha yake iko kule, pamoja na kazi yake, marafiki zake na kaburi la yule mama mzee aliyefuata kuwa jirani yake wa kwanza, na haiwezekani kuyaacha hayo yote kwenye uwanja wa ndege kama mzigo uliozidi kilo.

Hebu tuligeuze jambo hili upande wa pili. Hapa Pwani wapo ndugu zetu Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Kwa miaka mingi waliishi bila vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Tuliposikia kwamba wanaipenda Kenya na hawataki kuitwa wageni, tulifurahi. Hakuna aliyewaambia wamekataa Msumbiji. Basi mbona Mmakonde akiipenda Kenya tunashangilia, na Mkenya akiipenda nchi iliyomlisha tunanuna?

Hata sheria yetu imelielewa jambo hili kutushinda. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Zamani mtu mzima alilazimika kuchagua mmoja. Na tuseme ukweli, jameni: katika mwaka wa 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Pesa hizo tunazipokea kwa mikono miwili, na hatuulizi zilikopatikana panaitwaje. Karo yangu ya kidato cha kwanza ilitoka Leeds. Je, ni haki kuipenda pesa ya mahali na kumkataza mwenye jasho asipapende?

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kwamba wengine hurudi na kiburi, kila kitu cha kwetu kwao kinanuka. Ni kweli, wapo. Hata shangazi nilimwambia baadaye kwamba mgeni akilinganisha kila kitu, mwenyeji huumia, akacheka na kuomba radhi. Lakini pia nasi tusizibe masikio. Alipoisifu basi ile ya kuja kwa wakati, hakuwa anatutukana. Nani kati yetu wa shule ya kutwa asiyetamani matatu isiyomchelewesha akaadhibiwa langoni? Kuna mambo ya ugenini tunayoweza kuyaiga bila kuacha kuwa sisi.

Juma la mwisho nyanya alitoa katani yake, akaanza kusuka kikapu. Tulidhani ni cha shangazi. Kumbe sivyo! Alipokimaliza alisema, "Mpelekee huyo jirani unayekunywa naye chai. Mwambie mama yako anamsalimu, na anashukuru kwa ajili ya yule aliyekaa nawe." Shangazi alilia pale pale. Tulipomsindikiza hadi stesheni ya treni, hakukiweka kikapu pamoja na mizigo mingine. Alikishika mkononi.

Sasa shangazi akipiga simu husema kwamba anaikumbuka Voi, joto lake na ile matatu isiyojaa. Naye nyanya, ikifika saa moja jioni, ndiye anayetuambia, "Saa hizi kule ni saa kumi, na giza limeshaingia."

Wenzangu, Disemba ikifika wengi wetu tutapokea wageni wa aina hii. Wakitaja huko walikotoka kwa uchungu, tusiwakimbilie na methali kama nilivyofanya mimi. Tuwaulize kwanza: ni nani uliyemwacha huko?